Kwa nini Kilema huitwa mama wa parokia za Uchagani?

Swali: Ndugu zangu wa Moshi, kwa nini wazee wetu huitaja misheni ya Kilema kabla ya Kibosho?

Jibu: Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont na Padre Alexandre Le Roy, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, walisafiri kutoka pwani hadi Kilema, wakapokelewa na Mangi (mtawala wa Kichaga) Fumba, na hapo ndipo misheni ya kwanza ya Kikatoliki Uchagani ilipoanzishwa. Kibosho ilifuata mwaka 1893.

Jibu: Naomba tusiisahau mibuni. Wamisionari waliipanda Kilema, na kahawa hiyo, kwa maoni yangu, ilibadili maisha ya vihamba vyetu (mashamba ya ukoo ya Wachaga) kuliko jengo lolote.

Muulizaji: Asanteni sana. Bibi yangu alibatizwa huko. Nitamsomea haya jioni.