Mdundo mmoja usiku kucha: unapagawisha, au tunausingizia?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu.

Hela ya korosho imeingia, na mnajua kinachofuata: maspika. Sasa mtaani kwetu kuna pendekezo muziki wa singeli upigwe marufuku kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Ingekuwa ni kelele tu nisingebisha. Sababu iliyotolewa ni kwamba "ule mdundo unaojirudia unawatoa watoto akili". Hapo ndipo napinga.

Ni kweli singeli inaishi kwa kujirudia. Ilizaliwa uswahilini Dar, kina Manzese na Tandale huko, kwa kukata kipande kifupi cha taarab, kukizungusha na kukikimbiza mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Lakini sindimba, ngoma ya Wamakonde, je? Chapuo, ile ngoma ndogo, linashika pigo lake na haliliachi. Kwa vile lenyewe halihami, unausikia kila mchezo wa msondo, ile ngoma ndefu, juu yake. Na nyimbo za jando, kibwagizo cha maneno machache kinarudiwa hadi kila mtoto amekishika. Mbona hatukusema zinatoa akili?

Ninavyoona mimi, pigo likijirudia msikilizaji anaacha kulifuata, anaanza kulisubiri. Anajua litaangukia wapi, mguu unatangulia. Amekuwa mshiriki, hajapagawa. Mtafiti mmoja wa Marekani, Elizabeth Margulis, alichukua muziki wa Luciano Berio na Elliott Carter, watunzi wanaokwepa kurudiarudia, akakata vipande na kuvipachika tena humohumo bila ufundi wowote. Wasikilizaji wakaupenda zaidi ule uliochezewa, na wakaona ndio unaoelekea zaidi kuwa umetungwa na binadamu, siyo kompyuta.

Nawasilisha.

Mchangiaji, Masasi

Mkuu, umechagua mifano mitamu tu. Nenda kwenye ngoma za pepo. Mganga hapigi nyimbo kumi tofauti kama redio, anang'ang'ania moja mpaka mgonjwa apandishe. Na kama unataka wataalamu, mwaka 1962 Andrew Neher aliandika kwamba mapigo ya ngoma yanaweza kuuvuta umeme wa ubongo uende nayo sambamba, na ndiyo maana watu wanabadilika. Kujirudia kuna nguvu, usiifanye kama peremende.

Mleta mada

Neher alijibiwa. Mfaransa Gilbert Rouget, 1980, alisema kama ingekuwa hivyo basi nusu ya Afrika ingekuwa imepagawa tangu mwaka unaanza mpaka unaisha. Halafu jiulize ndugu yangu: mpiga ngoma yupo karibu na ngoma kuliko mtu yeyote, mbona hapandishi yeye? Anayepandisha ni yule aliyeletwa kwa kazi hiyo, tena kwa wimbo wa pepo wake. Wapishi nje wanasikia ngoma ileile na wanaendelea kumenya vitunguu.

Mchangiaji, Lindi

Assalaam alaykum. Naomba zikri isije ikawekwa kapu moja na vigodoro, naona mnaelekea huko. Lakini nitawapa somo lake. Kwenye zikri jina la Mwenyezi Mungu linarudiwa, linaanza taratibu, linakolea, na anayeongoza anajua saa ya kupandisha na saa ya kushusha. Mtu anatoka pale ametulia. Kwa hiyo msiulize kama kujirudia kuna nguvu, nguvu ipo. Ulizeni nani ameshika usukani. Kigodoro kinapandishwa tu, wa kushusha hayupo.

Fundi mitambo, Lindi

Shekhe, kwa heshima zote, nashusha sana! Nikiacha kipande kimoja kinazunguka bila kukigusa, watu wanakwenda kununua soda. Natoa besi kwa mapigo manane, wanabaki wanaelea, nikiirudisha uwanja unalipuka. Kujirudia ni sakafu, wanachokuja kucheza ni ule mkato.

Ila niseme kitu ambacho mafundi wenzangu hawatapenda. Ukuta unazuia sauti nyembamba, besi unaipitisha. Jirani aliyelala nyumba ya tatu hasikii mashairi, hasikii kinanda, mkato wenyewe anausikia nusu. Kinachomfikia ni du-du-du peke yake mpaka alfajiri. Aliye uwanjani na aliye kitandani hawasikilizi muziki mmoja.

Mchangiaji, Masasi

Hapo umenena. Halafu aliye kitandani hakuomba.

Mwalimu, Newala

Mambo ya umeme wa ubongo mtamalizana wenyewe. Mimi watoto wanalala darasani siku ya pili, na hata ungekuwa wimbo unaobadilika kila dakika wangelala vilevile. Wekeni saa.

Mleta mada

Maelezo ya fundi yamenitosha kuliko utafiti wote nilioutaja, maana sasa naelewa kwa nini wanaolalamika wanautaja mdundo na hawautaji wimbo. Hawajawahi kuusikia wimbo! Shekhe, la usukani nalikubali pia, ila sikubali kwamba dawa yake ni kuiua singeli. Kwenye kikao nitapeleka pendekezo jingine: spika za besi zizimwe saa nne usiku, nyingine ziendelee kwa sauti ya chini hadi saa sita, halafu basi. Fundi, besi ikizimwa saa nne watu watabaki uwanjani?

Fundi mitambo, Lindi

Nusu watabaki. Mwenye shughuli anilipe saa tatu.