Wauza vitambaa wa Mbeya, yadi si mita: hadi lini tutalipia kitambaa tusichopewa?

Habari zenu, ndugu zangu. Sisi tunaoshona mapazia na kuvalisha makochi wenyewe hatufanyi hivyo kwa kujifurahisha. Tunafanya hivyo kwa sababu pazia zito lililoshonwa tayari, lenye bitana ya kupunguza baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya, lina bei ambayo mshahara wa kawaida hauwezi kuibeba. Unafuu wetu wote upo kwenye kununua kitambaa kutoka kwenye jora na kukipigia hesabu sawasawa. Unafuu huo ndio unaoibwa mbele ya macho yetu, juu ya kaunta, na mwizi anakuita mama kwa heshima zote huku akikata.

Nilinunua mita kumi za kitambaa chenye upana wa mita 1.5 katika duka moja hapa mjini, ambalo sitalitaja. Hesabu yangu ilikuwa wazi. Madirisha ya sebule ni mawili, kila moja lina upana wa mita 1.4, na vipande viwili kwa kila dirisha vinatoa upana wa mita 3, yaani zaidi kidogo ya mara mbili ya dirisha, ili pazia liwe na mikunjo na lisining'inie kama shuka lililoanikwa. Kutoka kwenye fimbo hadi sakafuni ni mita 2.2. Ukiongeza sentimita 30 za pindo la juu na la chini, kila kipande kinahitaji mita 2.5, na vipande vinne ni mita kumi kamili.

Nilipokitandaza nyumbani na kukipima kwa futikamba, hakikufika. Kilikuwa na mita 9.14, na kipimo hicho kilinieleza kila kitu, kwa sababu yadi moja ni sentimita 91.44. Nilikuwa nimeuziwa yadi kumi kwa bei ya mita kumi. Sentimita 86 hivi zilizobaki dukani zinaweza kuonekana kidogo kwa mtu asiyeshona, lakini ukigawanya kitambaa hicho mara nne, kila kipande kinapata mita 2.28 tu. Baada ya kutoa zile mita 2.2, zinabaki sentimita nane za pindo la juu na la chini kwa pamoja. Kwa pindo hilo huwezi kupachika pete juu, wala kukunja chini mkunjo mzito wa kulivuta pazia litulie.

Niliporudi kudai, kijana wa kaunta alinijibu kwa utulivu: "Mama, hiyo ndiyo mita ya vitambaa, kote ni hivyo." Jibu hilo ndilo lililonikasirisha kuliko upungufu wenyewe. Hakuna mita ya vitambaa na mita ya viwanja. Kama mfanyabiashara anauza kwa yadi, aandike yadi na apange bei ya yadi, nasi tutaamua. Tuseme mita moja ni shilingi 8,000: kwa mita kumi za namna hiyo mteja anapoteza karibu shilingi 6,850, fedha inayotosha kununulia uzi na sehemu ya bitana. Na anayetoka Tukuyu, Chunya au Vwawa hawezi kulipa nauli nyingine kuja kugombania kipande cha chini ya mita moja. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Kwenye makochi hasara ni kubwa zaidi. Mahameli ina manyoya yanayolalia upande mmoja, hivyo vipande vyote vya kochi lazima vikatwe kuelekea upande uleule, la sivyo mwanga ukipiga, mkono wa kochi utaonekana rangi tofauti na kiti chake. Kitambaa kikipungua, mshonaji analazimika kugeuza kipande kimoja ili kitoshe, na seti nzima inaharibika. Ukirudi kuongeza, mara nyingi jora lile limekwisha, na lililofuata halilingani kwa rangi. (Ule mtindo wa kukivuta kitambaa kinachonyumbuka wakati wa kukipima, kisha kinarudi kikikatwa, nao ni wizi, ila huo angalau unaonekana kwa macho.)

Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tunao Wakala wa Vipimo ambao kazi yake ni kuhakiki vipimo vya biashara na kuviwekea alama. Mizani ya nyama tumezoea kuikagua, lakini ni nani kati yetu amewahi kuangalia kama rula ya muuza kitambaa ina alama hiyo? Dukani nilikonunua, kipimo kilikuwa misumari miwili iliyopigiliwa kwenye ubao wa kaunta. Naomba wahusika wa mkoa wapite kwenye maduka ya vitambaa, si kwenye mabucha peke yake, na kitambaa changu pamoja na risiti iliyoandikwa "mita 10" nitavifikisha ofisini kwao.

Wenzetu wa Iringa, Mafinga na Njombe mnaonunua vitambaa vya makochi, tuelezeni: huko mnapimiwa kwa rula yenye alama, au nanyi mnapimiwa kwa misumari?