Medali ya ushiriki kwenye michezo ya majeshi: ifanane na nishani?

Wakuu, tujadili. Akitakiwa mtu kuchora medali ya ushiriki wa michezo ya majeshi, mkono wake hukimbilia ngao, panga mbili zilizopishana na utepe wa rangi za bendera. Napinga. Nishani hueleza mtu alivyotumikia, pengine alivyohatarisha maisha. Medali ya ushiriki inasema alikuja akashindana. Zote zina heshima, ila si heshima moja.

CISM, Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, lilianzishwa Nice, Ufaransa, mwaka 1948. Nchi waasisi zilikuwa Ubelgiji, Denmark, Ufaransa, Luxembourg na Uholanzi, zote zilikaliwa na Wajerumani miaka michache tu kabla. Kaulimbiu waliyoiacha ni urafiki kupitia michezo. Upanga unatafuta nini hapo?

Chora kitu ambacho mshiriki mwenyewe atakitambua. Njia ya vikwazo ya pentathloni ya kijeshi, yaani shindano la askari lenye michezo mitano, ina mita 500 na vikwazo 20, na cha kwanza ni ngazi ya kamba ya mita 5. Mikono miwili iliyokamata kamba, mishipa imesimama, vidole vimejikunja: aliyepanda ngazi ile hahitaji maelezo. Nyuma paandikwe mji, mwaka na mchezo, pabaki nafasi ya kuchonga jina. Nyuma kutupu naona ni uvivu kabisa.

Na isiwe ya shaba yenye utepe wa shingoni, watu wataidhania ya mshindi wa tatu. Athens 1896 washiriki walipewa ya shaba, lakini siku hizo mshindi wa tatu hakuwa na medali.

Mchangiaji: Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Matembezi ya Siku Nne ya Nijmegen, Uholanzi, yalianza 1909, na medali yake yenye umbo la msalaba askari wa Kiholanzi anaivaa kwenye sare. Jeshi halijashuka hadhi. Askari asipoweza kuvaa medali yake, itaishia kwenye droo.

Mleta hoja: Mfano mzuri, ila unanisaidia mimi. Msalaba ule hupewa aliyemaliza. Askari anayetembea kwa sare hupiga kilomita 40 kwa siku, siku nne mfululizo, kwa kawaida na mzigo wa kilo 10 mgongoni. Akiacha siku ya tatu, hapati. Sisi tunazungumzia kitu anachopewa kila aliyeorodheshwa kwenye timu, hata wa akiba.

La droo nakubaliana nawe, linauma. Kwa hiyo napendekeza viwe viwili: medali ya mezani isiyo na utepe kwa kila mshiriki, na beji ndogo ya kushona kwenye traksuti kwa aliyeingia uwanjani akamaliza shindano lake. Sare ya gwaride iachiwe nishani. Anayetaka iingie kwenye sare aseme kwanza kigezo chake ni kipi, ndipo tuzungumze mchoro.