Nina kilo 92, je, namwonea farasi wangu? Naomba ushauri kabla ya kilomita 80

Mkimbia_Vumbi: Wakuu, habari zenu. Nashiriki mashindano ya farasi ya masafa marefu na siku hizi hata usingizi sipati. Nina kilo 92. Tandiko, maji na mazagazaga mengine ni kilo 12, jumla 104. Farasi wangu ana kilo 430. Kuna mtu kaniambia mpanda wa uzito huu asizidi kilomita 40, nami nimeshajiandikisha 80. Ni kweli namwonea?

Bi_Hatamu: Kaka, 104 kwa 430 ni asilimia 24. Mtafiti Powell na wenzake, mwaka 2008, waliwabebesha farasi 8 mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda zaidi na misuli ikauma. Wewe uko mpakani. Anza kupungua.

Kwato_Nne: Mkuu, usitishike. AERC, chama cha mbio hizi za masafa marefu kule Marekani, kina daraja zima la wapanda wazito, kuanzia pauni 211 pamoja na tandiko, kama kilo 96 hivi, na watu wanamaliza. Mimi pia si mwepesi. Kwenye mteremko nashuka natembea naye, kwenye mlima namshika mkia ananivuta. Farasi wangu wa kwanza alizoea hivyo hadi tukifika mteremko anasimama mwenyewe, hasogei mpaka nishuke. Nilimpenda yule mnyama!

MzeeTandiko: Vijana mnapenda medali kuliko mnyama. Farasi hana mdomo wa kusema amechoka.

Zizini_Daima: Mkimbia, mbona husemi mara ya mwisho mlimalizaje? Na mbavu zake zinaonekana?

Mkimbia_Vumbi: Alizuiwa kituo cha pili cha ukaguzi, mapigo hayakushuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda. Jua lilikuwa kali. Mbavu ndiyo, zinaonekana, nimempunguzia chakula makusudi. Mimi siwezi kupungua haraka, basi yeye abebe mwili mdogo. Farasi wa mbio hatakiwi kuwa na mafuta.

Zizini_Daima: Kumbe jambo lenyewe ulilificha. Garlinghouse na Burrill walichapisha utafiti 1999 kuhusu farasi wa Tevis Cup, kilomita 160 kwa siku moja milimani California. Uzito wa mpanda haukuamua nani anamaliza. Hali ya mwili wa farasi ndiyo iliamua. Kwenye kipimo cha 1 (amekonda kabisa) hadi 9 (amenenepa mno), waliomaliza walikuwa na wastani wa 4.5. Waliotolewa kwa mwili kuishiwa nguvu, 2.9. Akiba ya kukimbilia ndiyo hiyo unayomnyima.

Macho_Makavu: Wakuu, mnahangaika na chai. Farasi wa kilo 430 huyo huyo mbavu nje? Hadithi ya kutunga hii. Kama yupo, leta mzunguko wa kifua na urefu wa mwili.

Mkimbia_Vumbi: Chai ya nini? Nimetoka kumpima sasa hivi. Kifua nyuma ya viwiko sentimita 172, urefu kutoka bega hadi tako 154. Ile 430 ni ya kabla sijampunguzia. Mkanda wa tumbo ulikuwa unaishia tundu la 3, sasa la 6. Nikivua tandiko mgongo wote umelowa jasho, isipokuwa viraka viwili vikavu nyuma ya mabega, kila kimoja ukubwa wa kiganja.

Macho_Makavu: Kanuni ya kukadiria uzito wa farasi: kifua mara kifua mara urefu, gawanya kwa 11,880. 172 mara 172 mara 154, gawanya kwa 11,880: kilo 383. Basi anabeba asilimia 27, si 24. Neno la chai nalifuta. Viraka vikavu katikati ya jasho mara nyingi ni tandiko linabana hapo. Mwili umepungua, tandiko halimkai tena.

Zizini_Daima: Mrudishie nyasi kavu kwanza. Usimmiminie nafaka kwa siku moja, tumbo litamshika. Tandiko lipimwe upya, na 80 iache.

Mkimbia_Vumbi: Nyasi naongeza leo. Kujitoa sijakubali, zimebaki wiki 5.

Bi_Hatamu: Wiki 5 hazijengi mgongo, kaka. Omba wakuhamishie 40.

Mkimbia_Vumbi: Kuhama kunaruhusiwa. Keshokutwa daktari wa mifugo anakuja, ampapase mgongo na kumtazama akienda mchakamchaka. Akisema 40, nitaandika barua.