MREJESHO: Yale mawazo ya "mimi nina mkosi"

Shalom wapendwa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba tangu duka langu life nilikuwa siamki kitandani bila sauti kichwani kuniambia nina mkosi na Mungu amenisahau. Asanteni sana, hata mlionikemea.

Nianze na kilichoshindikana. Nilifunga siku tatu kama wengi mlivyoshauri. Siku ya pili nilikuwa na njaa, hasira, na mawazo yaleyale yakiwa makali zaidi. Labda kwa mwingine inafaa.

Kilichonisaidia ni dada aliyeniambia nisome 1 Wafalme 19. Nabii Elia yuko chini ya mti wa mretemu, anaomba afe, na malaika hamkemei: anamgusa, anampa mkate na maji, Elia analala tena, anakula tena. Mahubiri hakuna! Nililia. Nikaanza kula vizuri na kulala saa nne usiku, simu nikiiacha sebuleni.

Pia nina daftari: kushoto naandika wazo, kulia nalipima kwa Wafilipi 4:8, panaposema tuyatafakari yaliyo ya kweli, ya haki na safi. Swali la kwanza tu, "ni kweli?", linaangusha mengi. "Sijawahi kufanikiwa" si kweli. Nimesomesha wadogo zangu wawili kwa duka hilohilo.

Jumapili jioni bado ni ngumu, na wiki iliyopita nilirudi nyuma siku mbili nzima. Mchungaji wangu amenielekeza kwa mshauri nasaha wa hospitali. Nimeshakwenda mara moja, naendelea. Duka bado limefungwa.