Pampu ya kisima nyumbani inaungua mapema, nifanyeje hii mpya idumu?

MkaaChuno
Wakuu salaam. Nipo Mtwara mjini, pande za Chuno. Nyumbani tuna kisima kirefu na pampu ya kuzamisha, na hii ni ya pili kuungua. Haikufikisha hata miaka miwili. Fundi aliyeitoa kasema pampu za siku hizi feki, ninunue ya bei mbaya, basi. Inawezekana, ila hela ya korosho inaingia mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kabla sijazamisha nyingine nataka nijue zinauawa na nini. Maji yanapanda kwenye tangi la presha, halafu yanaingia ndani. Mtu akifungua koki ajaze ndoo moja tu, swichi inalia ta-ta-ta: inawasha, inazima, inawasha tena. Naombeni msaada, nyumba ina watoto na bibi mgonjwa.

FundiMikindani
Pole sana mkuu. Hiyo ta-ta-ta ndiyo inayoua. Mota inapowaka huvuta umeme mara tano hadi saba zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Umeme huo unaleta joto, na joto lile linaondolewa na maji yanayopita ubavuni mwake, na linahitaji muda. Kila ikiwaka inatakiwa izunguke walau dakika nzima.

Anza na tangi. Lina kipachiko cha hewa kama cha tairi ya baiskeli. Kibonyeze: yakitoka maji, mpira wa ndani unaotenga hewa na maji umepasuka. Ikitoka hewa, zima umeme, fungua koki mpaka maji yaishe kabisa, ndipo upime kwa geji ya tairi. Hewa iwe pungufu kwa psi 2 (psi ni kipimo cha presha) ya pale swichi inapowashia. Ikiwashia 30, hewa iwe 28. Ukipima tangi likiwa na maji, namba utakayopata itakudanganya.

DadaWaLindi
Kaka, kagua na sistani ya choo. Ikivuja kidogo kidogo, pampu inawaka usiku kucha ninyi mmelala. Funga koki zote jioni, angalia geji. Ikishuka na hakuna kinachovuja, basi valvu ya kuzuia maji kurudi kisimani imechoka. Hiyo usiidharau. Maji yakirudi chini yanaizungusha pampu kinyumenyume, na ikiwashwa wakati huo shafti inaweza kukatika.

Halafu sisi wa pwani tuna chumvi. Ukivuta maji kwa pupa, ya bahari yanasogea. Chukua pampu ya chuma cha pua, na kamba ya kuning'inizia iwe ya nailoni.

Mnyambe
Mimi naona tangi la presha ni mateso tu. Jenga mnara, weka simtanki na swichi ya boya. Pampu inawaka mara moja au mbili kwa siku, imeisha hiyo.

FundiMikindani
Kwa uhai wa pampu, Mnyambe yuko sahihi kabisa. Ila mnara wa mita 3 hautoi hata psi 5, bafu la ndani litachuruzika. Mwenye nafasi ajenge juu zaidi.

MkaaChuno
Nimebonyeza kile kipachiko, maji yamenirukia usoni! Ahsanteni mno. Swali la mwisho: fundi anataka pampu mpya aishushe hadi chini kabisa ili ipate maji mengi. Ni sawa?

FundiMikindani
Mkatalie. Chini kuna mchanga na tope. Mchanga unakula mapangaboi, tope linaifunika mota ikose kupoa. Iache juu ya sakafu ya kisima mita kadhaa. Kwanza pima maji yako wapi kabla ya kuvuta, na yanashuka hadi wapi baada ya saa moja ya kuvuta. Kumbuka Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, yanashuka zaidi ya sasa, kwa hiyo funga na kifaa cha kuizima pampu maji yakikosekana. Ikizunguka kavu haichukui muda kufa.

Na umeme: jioni ukipungua nguvu, mota inavuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile. Weka gadi kama ya friji, lakini inayobeba ampea za mota yako. Soma kibati cha pampu kabla ya kwenda dukani.

DadaWaLindi
Na huo mpira wa tangi ubadilishe kabla pampu mpya haijaonja umeme, kaka. Usikubali kuambiwa "tutaona baadaye".