Naomba ushauri, usingizi umenikimbia tangu ile ajali

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni dereva wa ambulensi hapa Moshi, huu mwaka wa 6. Wiki 3 zilizopita tulifuata majeruhi wa ajali maeneo ya Boma Ng'ombe, mmoja mtoto umri sawa na wa kwangu, akatufia njiani kabla hatujafika hospitali. Toka siku hiyo silali, nikisinzia kidogo nasikia king'ora nakurupuka, waifu anasema naweweseka usiku kucha, na juzi nikiwa na mgonjwa nyuma nikaona mikono inatetemeka kwenye usukani, hapo ndo nikaogopa kweli maana nabeba roho za watu.

Wenzangu wa shifti nimewaambia, wanasema utazoea tu. Nimeacha kahawa, nakimbia asubuhi, kusali nasali, bado.

Sasa kuna mtu wa zimamoto, nesi au polisi aliyepitia hii akaenda kwa mshauri nasaha, ilimsaidia? Na bosi nimwambieje anipe mapumziko kidogo bila kunitoa moja kwa moja kwenye gari? Kazi hii naipenda jamani, sitaki kuiacha.